Usingizi wa saa sita
Habari za pumuziko la muchana, tangu watawa wa zamani hata wavuvi wa Kasenga

Kila mutu aliyefika Kasenga katika mwezi wa Oktoba, mbele ya mvua kuanza, anajua hali ya muji saa saba ya muchana. Jua limesimama juu ya Luapula, maji yanang'aa kama bati jipya, mbuzi wamejificha chini ya miembe, na wanaume wamelala: mumoja juu ya mukeka ndani ya barza, mwingine ndani ya mutumbwi uliovutwa inchi kavu, mwingine juu ya nyavu zake. Mugeni akipita saa ile anasema upesi: "Watu wa hapa ni wavivu." Neno hilo nimelisikia mara nyingi, kwa kinywa cha wageni na kwa kinywa cha watu wetu wenyewe. Mimi vilevile nililisema siku moja, na hata leo ninaona haya nikikumbuka namna nilivyolisema.

Mbele ya kupewa upadri nilitumwa kufundisha mwaka mumoja katika shule moja karibu na muto. Kulikuwa mutoto wa miaka kumi na miwili hivi, mwenye akili, lakini kila siku saa sita ilipokaribia aliinamisha kichwa juu ya benchi na kulala. Mara ya kwanza nilimuamsha kwa sauti kali. Mara ya pili nilimusimamisha mbele ya wenzake, nao wakacheka. Mara ya tatu nilimufukuza, nikimwambia kwamba shule si kitanda cha wavivu. Hakurudi. Zilipopita juma mbili nilikwenda kwao kumutafuta. Nikapata habari kwamba baba yake amekufa, na mutoto anavuta nyavu pamoja na mujomba wake tangu saa mbili ya usiku mpaka mapambazuko. Kisha anaoga mutoni, anavaa shati, anakuja masomo. Mujomba wake alinikaribisha vema, akanipa kiti, akaniambia bila hasira: "Frateri, wewe ulimuona saa sita ya muchana. Hukumuona saa nane ya usiku."

Neno lile halikuniacha. Ndiyo sababu nimetaka kuchungua hapa habari za usingizi wa muchana: nani waliulala, kwa sababu gani, na nani walihukumiwa juu yake. Tutaona kwamba usingizi uleule umepewa majina mengi. Kwa mutu mumoja umeitwa kanuni, kwa mwingine afya, kwa mwingine uvivu, kwa mwingine ugonjwa wa kufa. Tutaona tena kwamba wenye hekima, kila mara walipohukumu usingizi wa muchana, waliangalia kwanza usiku.

I. Saa sita ya Waroma na saa sita yetu

Wazungu wanaliita pumuziko hilo siesta. Jina ni la Wahispania, lakini mama yake ni Kilatini: sexta hora, maana yake saa ya sita. Waroma wa zamani waligawanya muchana katika saa kumi na mbili, wakaanza kuhesabu jua linapotoka. Basi saa yao ya sita ilikuwa jua la utosi. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji mwalimu wa kutufahamisha hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo yetu. Mwinjili Yoane anaposimulia kwamba Yesu alichoka na safari akaketi kisimani kwa Wasamaria, anataja saa ya sita. Mukristu wa Ulaya anapaswa kuelezwa kwamba ni midi; mutoto wa Kasenga anaelewa papo hapo, tena anajua ni jua la namna gani. Katika pwani ya bahari, Waislamu wana jina lao la usingizi huo, kailula, nalo limetoka katika Kiarabu. Basi si kabila moja wala dini moja iliyoona kwamba saa ile mwili unataka kulala.

Maandiko Matakatifu yanataja saa hiyo mara nyingi, wala hayana hukumu moja juu yake. Abrahamu alikuwa ameketi mulangoni pa hema lake wakati wa joto la muchana. Alipoona wageni watatu alisimama na kupiga mbio kuwapokea, na kwa hiyo alipata baraka. Ishbosheti, mwana wa Saulo, alikuwa amelala usingizi wake wa midi kitandani, maadui wawili wakaingia nyumbani na kumuua. Davidi aliamka kitandani jua likiwa limeanza kushuka, akatembea juu ya dari ya nyumba yake, na hapo ndipo alipomuona muke wa Uria. Petro Mutume alipanda juu ya nyumba saa sita kusali. Alikuwa na njaa, akapata maono yaliyofungua mulango wa Kanisa kwa mataifa yote. Basi saa ni ileile, na joto ni lilelile. Maandiko hayalaumu usingizi. Yanaonyesha tu kilichomupata mutu katika saa ile, na alichofanya alipoamka.

II. Shetani wa midi na Kanuni ya Benedikto

Katika karne ya 4 watu wengi waliingia jangwa la Misri kumutafuta Mungu peke yao. Mumoja wao, Evagrio wa Ponto, aliyekufa mwaka 399, aliandika juu ya mawazo mabaya yanayomujia mumonaki, na lililo zito kupita yote aliliita acedia. Alilifananisha na yule shetani wa midi anayetajwa katika Zaburi ya 90. Kwa hesabu yake, shetani huyo anaanza kumushambulia mumonaki kama saa ine, hamuachi mpaka saa nane. Jua linaonekana kama limesimama. Mumonaki anatazama dirishani mara kwa mara kama saa tisa, saa ya chakula, imekaribia. Anachukia chumba chake na kazi ya mikono yake, na anaanza kufikiri kwamba pahali pengine angeishi vizuri zaidi. Yoane Kasiano, aliyekaa na wamonaki wale wa Misri, alilipeleka fundisho hilo mpaka Marseille, na toka kule likaenea Ulaya yote.

Hapa tuangalie vema, maana wengi wamechanganya mambo mawili. Acedia si usingizi. Ni moyo uliochoka na kazi yake. Usingizi ni dalili moja tu kati ya nyingi, na mutu anaweza kuwa na acedia macho wazi, akizunguka nyumba kwa nyumba siku nzima. Tena mumonaki wa jangwa alikuwa amekesha usiku katika sala, na chakula chake cha kwanza kilikuja saa tisa. Mutu wa namna hiyo akisinzia saa sita, si lazima awe amepagawa.

Yule aliyetenga vizuri mambo hayo mawili ni Mutakatifu Benedikto wa Nursia. Aliandika Kanuni yake huko Monte Cassino, inchi ya Italia, kama mwaka 530 au 540. Katika sura ya 48 anapanga kazi za kila siku. Tangu Pasaka mpaka mwanzo wa Oktoba ndugu wafanye kazi asubuhi mpaka karibu saa ine, wasome mpaka saa sita. Nyuma ya chakula walale vitandani mwao katika kimya kabisa. Anayetaka kusoma, asome, lakini asisumbue wengine. Kisha sala ya saa tisa isogezwe mbele kidogo, isaliwe katikati ya saa ya nane, halafu wote warudi kazini mpaka mangaribi. Katika miezi ya baridi pumuziko hilo halipo.

Kwa nini lipo wakati wa joto, wala halipo wakati wa baridi? Si joto peke yake. Monte Cassino iko mbali na ikweta, na kule usiku unabadilika sana kadiri ya majira. Katika mwezi wa Juni usiku hauzidi saa 9, na wamonaki wanaamka kusali kungali giza. Katika mwezi wa Desemba usiku ni mrefu, na Kanuni inasema wazi kwamba ndugu waamke wakiwa wamepumuzika kupita kidogo nusu ya usiku. Basi Benedikto alifanya hesabu kama baba wa nyumba mwenye akili. Kile ambacho usiku mufupi umewanyima ndugu, muchana uwarudishie. Usiku ukiwa mrefu hakuna deni, basi hakuna malipo. Wala hakuandika kwamba pumuziko ni la wakubwa peke yao. Mwenye kukesha analala, awe muzee au kijana, awe musomi au mulimaji.

Kanuni hiyo haikukaa mbali nasi. Wabenedikto wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges katika Ubelgiji, waliingia Katanga mwaka 1910. Mukubwa wao alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la hapa miaka mingi mpaka alipokufa mwaka 1958. Wasalesiani walifika mwaka 1911. Pamoja na misioni zilikuja kengele: ya sala, ya kazi, ya chakula, na ya pumuziko. Sisi tuliolelewa katika seminari tunaijua kengele ile ya nyuma ya chakula, na kimya kilichofuata. Hakuna aliyetuita wavivu kwa sababu ya kulala saa saba. Kama tungekataa kulala, tungeitwa wasiotii.

III. Pumuziko la biro na kazi ya tanuru

Mwaka 1910 kulizaliwa pia muji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na katika mwezi wa Septemba wa mwaka ule njia ya reli kutoka kusini iliufikia. Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Mwaka 1911 tanuru yake ya Lubumbashi ilitoa shaba ya kwanza. Hapo watu wa Katanga walipata muchana wa namna mpya. Muto una saa zake, shamba lina majira yake, lakini moto wa tanuru haujui midi wala usiku wa manane. Unataka watu sikuzote. Basi kazi ikagawanywa kwa zamu: wengine wakaingia asubuhi, wengine muchana, wengine usiku, na kila mumoja akalala saa ambayo zamu yake ilimwachia.

Katika biro mambo yalikuwa mengine. Midi milango ilifungwa, na kwa kawaida ilifunguliwa tena saa nane. Vitabu vya afya vilivyoandikwa kwa Wazungu waliokuja Afrika vilifundisha kuogopa jua la midi, kuvaa kofia ngumu, kunywa kinini, kujilaza kidogo nyuma ya chakula. Hatusemi kwamba shauri lilikuwa baya. Lakini tuangalie kilichotokea saa ileile, katika kiwanja kilekile. Bwana amelala ndani, madirisha yamefungwa, na jina la usingizi wake ni siesta. Boyi yuko jikoni anaosha sahani, ameonywa asizigonganishe. Amekuwa macho tangu mbele ya mapambazuko ili kahawa iwe tayari, na usiku atakaa mpaka wageni waondoke. Akisinzia juu ya ndoo ya maji, jina la usingizi wake ni uvivu. Kanuni ya Benedikto inamuomba ndugu asiyelala asisumbue wenzake. Hapa boyi aliombwa kimya, lakini hakupewa kitanda.

Ndivyo neno "muvivu" lilivyozoea kukaa katika vinywa vyetu. Lilisemwa kwanza na bwana, kisha na kapita, kisha na mwalimu, na mwishoni na mutu mweusi juu ya ndugu yake. Sisemi kwamba uvivu haupo. Uko, na wazee wetu walijua kuukaripia mbele ya Muzungu kufika. Lakini wazee walimuita muvivu yule ambaye shamba lake lina magugu, si yule waliyemukuta amelala.

IV. Kasenga na usiku wa samaki

Watu wa shaba walihitaji kula. Ndipo Kasenga, kama kilometa 200 kutoka Lubumbashi, ilipopata kazi kubwa. Muji uko juu ya Luapula, muto unaoingia ziwa Mweru na unaotenga inchi yetu na Zambia. Samaki wa muto na wa ziwa walikuwa wengi. Wafanyabiashara Wagiriki walikuja wakakaa Kasenga. Walikuwa na mashua, barafu na makamyo, na walipeleka samaki Elisabethville kwa bukari ya wafanyakazi. Hao nao walitoka katika inchi ambayo tangu zamani watu wake wanalala nyuma ya chakula cha muchana, na ambayo mpaka leo imeweka kwa sheria saa za kimya alasiri.

Samaki aliyejulikana kupita wote alikuwa mpumbu. Mvua inapoanza, mpumbu wanapanda Luapula kwa makundi kutaga mayai. Watu waliwavua kwa wingi wakati ule ule, mayai yakiwa bado tumboni. Wakati wa vita vya 1939–1945 shaba ilitafutwa sana, na samaki vilevile. Miaka ya 1940 ilipokaribia kwisha, makundi yale makubwa yalikuwa yamepunguka vibaya. Baadaye watu wa Mweru waligeukia samaki wengine, na mwishowe chisense, samaki wadogo sana wanaovuliwa usiku. Mwezi unapokuwa mudogo au umejificha, wavuvi wanawasha taa juu ya maji. Samaki wanakuja kwa mwangaza, nyavu zinawainua.

Sasa tufanye hesabu ya Benedikto kwa watu wa Kasenga. Muji huu uko karibu digrii 10 kusini ya ikweta. Hapa muchana mrefu wa mwaka unapita muchana mufupi kwa saa moja na dakika chache tu. Kwa hiyo jua halimunyimi mutu wa Kasenga usiku wake. Anayemunyima ni samaki. Nyavu zinatupwa jioni, zinaangaliwa usiku, zinainuliwa mbele ya jua kutoka, kwa sababu samaki aliyekaa katika joto la muchana bila barafu anaharibika upesi. Mapambazuko ndiyo soko. Asubuhi ndiyo kutengeneza nyavu zilizopasuka. Jua linapofika utosini, siku ya muvuvi imekwisha. Yale ambayo kwa karani ni katikati ya kazi, kwake ni mangaribi. Mugeni anapita saa saba na kusema: "Wanalala katikati ya siku." Hapana. Wanalala mwishoni mwa siku yao.

Lakini haki inataka tuseme neno jingine. Nani hasa wanalala saa ile? Wanaume. Ukitembea Kasenga saa saba, utaona moshi unapanda nyuma ya nyumba. Ni wanawake wanaokausha samaki. Walikuwa ukingoni alfajiri kupokea mitumbwi, walipasua samaki, waliwatia chumvi, walitafuta kuni, walipika bukari ambayo wanaume wamekula mbele ya kulala. Mama aliyenyonyesha usiku mara tatu ana deni la usingizi sawasawa na muvuvi, lakini sijaona kijiji ambacho kengele ya pumuziko inalia kwa ajili yake. Boyi aliombwa kimya asipewe kitanda, na sisi tumelaumu jambo hilo. Tuangalie basi nani anaombwa kimya leo ndani ya nyumba zetu wenyewe, baba anapolala.

V. Wakati usingizi ulipoogopwa

Kuna sababu nyingine ya kutohukumu upesi, nayo ni ya machozi. Mwanzoni mwa karne ya 20, usingizi wa muchana uligeuka kuwa kitu cha kuogopwa katika Afrika ya kati. Malale ilikuwa inaua. Katika Uganda, kando ya ziwa Victoria, watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache tu. Mwaka 1903, huko Entebbe, munganga Aldo Castellani aliona vijidudu katika maji ya uti wa mugongo wa wagonjwa, na David Bruce alionyesha kwamba vinaletwa na mbung'o. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulifika mpaka Luapula.

Dalili ya malale ni usingizi uliopinduka. Mugonjwa analala muchana, anasinzia chakula kikiwa mukononi. Usiku anakesha, anazunguka, pengine anapiga kelele. Mwishoni hawezi tena kuamshwa. Serikali zilifanya mambo makali. Mbele ya vita vya 1914, Waingereza waliondoa vijiji vya ng'ambo ya Luapula, wakavipeleka mbali na muto, wakakataza watu kuvua na kuvuka. Wengine walivuka kwa siri, wakakaa upande wetu. Waganga walipita vijijini wakishika shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba. Wagonjwa walitengwa. Dawa ya kwanza, atoxyl, iliweza kumupofusha mugonjwa. Si ajabu kwamba watu wengi waliposikia munganga anakuja walikimbilia porini.

Fikiri basi hali ya muvuvi wa wakati ule. Alikuwa amekesha juu ya maji usiku kucha, naye sasa amelala chini ya muti saa saba. Muke wake anamutazama na kujiuliza: je, ni uchovu, au ni ile? Kwa kumutazama tu hakuna anayeweza kujua. Inapasa kuuliza juu ya usiku wake. Aliyefanya kazi usiku na kulala muchana ni muzima. Aliyeshindwa kulala usiku pasipo kazi, na kuanguka usingizini muchana kila siku, apelekwe kwa munganga.

Tushukuru kwa yale yaliyotendeka tangu hapo. Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40,000 waliandikwa katika Afrika, wengi wao katika inchi yetu. Mwaka 2018 hesabu ilishuka chini ya 1,000. Mwaka ule ule dawa ya vidonge, fexinidazole, ilikubaliwa, na Wakongomani walikuwa na sehemu kubwa katika kazi ya kuijaribu. Mugonjwa ambaye zamani angechomwa sindano kali sasa anaweza kumeza kidonge. Lakini mbung'o bado wako, na mwalimu au katekista anayeona mutoto anasinzia kila siku asisahau ugonjwa huo, wala malaria, wala upungufu wa damu, wala njaa.

VI. Elimu ya leo inasema nini

Watu wengi wanadhani kwamba bukari ndiyo inayoleta usingizi wa muchana. Chakula kizito kinauongeza, ni kweli. Lakini waganga wameona kwamba hata mutu asiyekula kitu anapungukiwa nguvu za akili kati ya saa saba na saa kumi. Mwili una saa yake ndani, na saa hiyo ina bonde dogo nyuma ya midi. Aliyelala vizuri usiku anapita bonde hilo bila shida kubwa. Mwenye deni la usiku anaanguka ndani yake.

Mwaka 2015 wataalamu walitangaza habari za watu wa makabila matatu wasio na umeme: Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Waliwapima kwa vyombo vidogo vinavyovaliwa mukononi. Watu hao walilala kati ya saa 5.7 na saa 7.1 kila usiku, na hawakulala sana muchana: katika majira ya joto chini ya siku 22 kwa siku 100, katika majira ya baridi chini zaidi. Habari hiyo inavunja semi mbili za zamani. Yule aliyesema kwamba Mwafrika amezaliwa kulala muchana hakusema kweli, maana Wahadza ni wawindaji wa Afrika hasa, nao hawana desturi hiyo kila siku. Na yule anayesema kwamba kila mutu lazima alale muchana amezidisha vilevile. Kazi na usiku ndivyo vinavyoamua.

Kwa wale wenye deni, usingizi mufupi ni dawa. Wataalamu wa NASA, Marekani, waliwajaribu marubani wa safari ndefu za ndege: waliwaruhusu kupumuzika dakika 40 kwa zamu, nao wakalala kama dakika 26, wale waliolala walikuwa macho zaidi na hodari zaidi kuliko wenzao walionyimwa. Mwaka 2007 waganga walitangaza habari za watu wazima zaidi ya 23,000 wa Ugiriki: wale waliokuwa na desturi ya kulala muchana walikufa kwa ugonjwa wa moyo pungufu kwa 37 katika 100 kuliko wasiolala. Wengine baadaye waliona kwamba usingizi wa muchana ulio mrefu sana unatembea mara nyingi pamoja na ugonjwa uliojificha. Benedikto, ambaye hakuwa na chombo cha kupimia, alikuwa amekwisha kuweka pumuziko fupi, katika kimya, na kengele ya kuamsha.

VII. Neno la mwisho

Tukikusanya yote, tunaona njia moja tangu Monte Cassino mpaka Kasenga. Usingizi wa muchana si dhambi wala si heshima. Ni deni linalolipwa. Lawama inamupasa yule anayechukua malipo pasipo kuwa na deni, na zaidi yule anayelala wakati mwingine anakesha kwa ajili yake bila kulipwa. Ndugu zangu mapadri, mafrateri na walimu, tunaohubiri mara nyingi juu ya uvivu kwa sababu ni hotuba rahisi, tuulize kwanza habari za usiku: za muvuvi, za mulinzi wa mulangoni, za mufanyakazi wa zamu, za mama mwenye mutoto muchanga.

Yule mwanafunzi alirudi shuleni. Nilimuomba radhi mbele ya wenzake, palepale nilipomusimamisha, na jambo hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko mitihani yote ya seminari. Nilimupa nafasi ya kulala robo ya saa wakati wa mapumuziko, ndani ya darasa tupu, kichwa juu ya benchi lilelile. Akaweza kusoma. Nyuma ya miezi miwili mujomba wake alihama kufuata samaki upande wa ziwa, akaenda naye, na sijamuona tena.

Wazee wanasema: aliyelala usimuamshe, ukimuamsha utalala wewe. Zamani nilidhani ni shauri la ujanja tu, la mutu asiyetaka mwenzake aerevuke. Sasa ninalisikia namna nyingine. Siku ile nilipomuamsha mutoto kwa sauti kali, kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa amekesha, na aliyelala nilikuwa mimi.